Mkaguzi wa Umaskini Wetu

Miaka ile serikali ilikuwa imechoka kutusomesha. Redioni walisema umefika wakati wa kuchangia gharama, na kwa ile sauti ya mtangazaji ungedhani tunaalikwa harusini. Aliyepata nafasi ya chuo aliomba mkopo, na ili apewe mkopo ilibidi kwanza athibitishe kwamba kwao hawana kitu. Mimi nilikuwa nimepata nafasi pale chini, Mzumbe. Nikaona hilo la kuthibitisha ndilo jepesi kuliko yote. Kwetu, juu Mgeta, kutokuwa na kitu hakukuhitaji mashahidi.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mama. Baba alishaoa kwingine, huko kwenye mashamba ya mkonge, na mkubwa wetu alikuwa mjomba, kaka yake mama, kama ilivyo kwa Waluguru. Mama alilima kabichi kwenye kipande cha ukoo, mteremko mkali ambao jembe likikuponyoka unalifuata bondeni. Soko lilikuwa huria, maana yake mnunuzi alikuwa huru na sisi tulikuwa na kabichi zinazooza. Alitaka lumbesa, gunia lililojaa hadi mdomoni kisha likaongezewa kilemba juu, na bei yake ilikuwa ya gunia la kawaida. Ukibisha anawasha lori. Mama hakuwahi kubisha.

Fomu nikajaza, mjomba akasaini, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Kisha ikaja habari kutoka wilayani kwamba atapanda mtu kuja kuiona hali ya nyumbani kwa macho yake. Nilifurahi mno. Aje, nilijisemea, aone, amalize kazi.

Mama alichokishika katika habari hiyo ni kwamba tunapata mgeni.

Siku moja kabla nilishuka Mlali kupiga picha za pasipoti, nikalala huko kwa jamaa. Asubuhi niliporudi nyumba sikuitambua. Sebuleni palikuwa na viti vya katekista, vile vyenye mito, vimefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Juu ya meza isiyo yetu palikuwa na redio isiyo yetu na chupa ya chai yenye maua ambayo kijijini ilitolewa padri akija. Jikoni jogoo wa mjomba alikuwa amekwisha kuchinjwa, na wali unanukia. Wali, kwetu, siku isiyo ya Krismasi!

“Mama, vitu vya watu hivi vya nini?”

“Ulitaka mgeni wa serikali akae kwenye kigoda?”

“Lakini anakuja kuangalia kama sisi ni maskini!”

“Sawa. Ataangalia akiwa amekaa wapi?”

Nilimgeukia mjomba, nikidhani mwanamume aliyewahi kuuza kabichi mpaka Kariakoo atanielewa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. “Mwanangu,” akasema, “hakuna mtu anayewasaidia watu wasiojiheshimu. Akituona hatujui hata kupokea mgeni, atakupa wewe fedha za umma?” Kabla sijajibu, hodi ilisikika mlangoni.

Alikuwa mtu mzima kidogo, mnene kidogo, anahema kwa ule mlima. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akajitupa kwenye kiti cha katekista kama mtu aliyeokolewa. Alikula vizuri. Ningefurahi kusema alikuwa mtu mbaya, ningepata wa kumchukia, lakini alikuwa na adabu na alimsifu mama kwa mchuzi. Alipomaliza akatoa kalamu.

“Haya mama, maisha mnayaonaje?”

“Tunamshukuru Mungu, baba,” mama akasema, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa. “Hatujapungukiwa.”

Akaandika. Nilitaka kupiga kelele. Lakini utamkatizaje mama yako mbele ya mgeni, umwambie aseme kwamba juzi tulilalia magimbi matupu? Niliitazama ile kalamu ikitembea.

Nilimsindikiza hadi kwenye njia ya kuteremkia, nimembebea mfuko wa karoti aliopewa na mjomba. Hapo nikasema. Nilimwambia vile viti ni vya kuazima, redio ni ya kuazima, na jogoo ni wa mjomba.

Akacheka, si kwa ubaya. “Binti, kila nyumba ninayokwenda naambiwa viti ni vya kuazima. Nikiamini wote, mkopo atakosa yule asiye nacho kweli.”

“Ndiye mimi,” nikasema.

“Wote husema hivyo.” Akapokea karoti zake, akashukuru, akateremka.

Majibu yalibandikwa wilayani. Mkabala na jina langu waliandika kwamba familia inajimudu. Niliandika rufaa, sikujibiwa. Chuo kikafunguliwa bila mimi. Nilikata tamaa, na sisemi hivyo kwa mazoea ya kusema. Nilikuwa naamka, napalilia, nakula, nalala, na kati ya hayo hapakuwa na mtu. Kuna asubuhi nilitamani ule mteremko unichukue pamoja na jembe.

Sababu sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Kwamba ni ule wali, ni ule uso wake uliong'aa alipoambiwa mchuzi mtamu? Nilimdanganya kwamba waombaji walikuwa wengi. Aliguna tu, akaendelea na kazi zake, nami nikadhani yameisha.

Hayakuwa yameisha. Wiki zilipita. Tulikuwa shambani, amenipa mgongo, anakata kabichi, akaanza kusema bila kugeuka.

“Nimefikiri sana kuhusu yule baba wa wilayani,” akasema. “Tulimdharau. Mtu katembea njia yote ile kwa ajili yako, sisi tunampa kuku.”

Niliokota kabichi aliyoikata, nikaitia guniani.

“Mwakani uombe tena,” mama akasema. “Nimeshaongea na mjomba wako. Tutachinja mbuzi.”