Esnah Hakupiga Magoti

Jumapili hiyo alasiri sebule ya Esnah Nyakerario ilijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Majirani wa Itumbe walikuwa wamekuja kumtazama kwenye televisheni, na yeye mwenyewe aliketi kando ya mlango, chai ameshawagawia, akijifanya hana haraka. Alikuwa mjane aliyevuka miaka hamsini, mkulima wa majani chai, na kanisani kwao Waadventista walimjua kwa sauti yake kubwa. Kuigiza alikuanzia huko huko, katika michezo ya vijana iliyohitaji mama mkali. Ndiko Sylvanus, mwanamume wa Kisii mjini anayetengeneza vipindi vya televisheni, alikomwona na kumwomba aigize mama mmoja aitwaye Bosibori.

Kipindi cha siku hiyo kilikuwa cha ajabu. Bosibori, aliyechoshwa na kazi, anaokota kijisanduku kwenye shamba la chai. Ukikigusa, anatokea mtu mwingine kama wewe, sura ile ile na sauti ile ile. Basi Bosibori anajitengenezea wenzake: mmoja wa kuchuma chai, mmoja wa kupika, mmoja wa kwenda matangani. Sebule ilivunjika mbavu kuwaona akina Esnah wakigombania jiko moja.

Kisha mambo yakageuka. Mume wa Bosibori aliwapanga wote mstari mmoja uani akasema atabaki na mmoja tu. Na Bosibori wa kweli akapiga magoti. Akaishika miguu ya mume, akalia kwa sauti ya Esnah kabisa: "Nitanyamaza. Nitafanya lolote utakalo. Usinifukuze."

Esnah alisimama pale mlangoni. "Hilo mimi sikulifanya," alisema.

Jirani mmoja akamsifu kwamba ameigiza vizuri mpaka yeye ametokwa na machozi.

"Sikia ninachokuambia. Sikulifanya."

Walidhani anatania. Alizima televisheni, akakusanya vikombe, na watu wakaondoka mmoja mmoja wakitazamana.

Ukweli ni kwamba sehemu hiyo ilikuwa imeandikwa hivyo, na Esnah alikuwa ameikataa mbele ya kila mtu siku ya kurekodi. Alimwambia Sylvanus kwamba Bosibori mwenye akili angechukua sufuria zake aende, amwachie mume hao wa kuokota. Sylvanus akajibu kuwa watazamaji hupenda kulia. Walibishana hadi jua likawachwea, na mwishowe Sylvanus akasema basi, wataimaliza hadithi bila hilo. Esnah alimwamini akarudi kuchuma chai.

Hakukataa kwa sababu ya maringo. Mumewe Masese alipofariki, shemeji yake Ogoti alitaka kipande cha chai kilicho upande wa mto. Esnah alimjibu maneno makali mbele ya ukoo. Wazee wakaamua kwamba atabaki na shamba, lakini kwanza ampigie Ogoti magoti amwombe radhi. Alikataa. Wakamtenga; akalima peke yake, akamsomesha mwanawe Jasper peke yake, na ilichukua miaka hadi wakachoka wao. Shamba lilibaki lake. Watu wa Itumbe walipotaka kumweleza Esnah kwa mgeni, walianzia hapo.

Jumatatu alipopeleka majani kwenye kituo cha kununulia, alimkuta Ogoti kashika simu, watu wamemzunguka wakingoja lori. Sauti ya Esnah ilikuwa ikitoka kwenye ile simu. Nitanyamaza. Nitafanya lolote utakalo. Ogoti alimwona, akairudisha nyuma, akaicheza tena.

"Kumbe unajua kupiga magoti, shemeji," alisema kwa upole. "Ulikuwa unangoja kamera."

Esnah alikitua kikapu chake chini. Alimwachia mwenzake mmoja ampimishie majani. Alipanda gari la Kisii vile vile alivyokuwa, na gambuti za shambani miguuni.

Ofisi ya Sylvanus ilikuwa juu ya duka la vyombo vya umeme la mama mmoja aitwaye Lata. Ngazi zilipitia ndani ya duka, na televisheni zote za kuuza zilikuwa zimewashwa, zinarudia kipindi cha jana. Esnah alijiona amepiga magoti ukuta mzima, akina Esnah wakubwa kwa wadogo, wote wanalia. Lata alimtazama yeye, akatazama ukuta.

"Mama, si ni wewe huyu?"

"Si mimi."

Lata alichukua rimoti akaanza kuzizima, moja baada ya nyingine, mpaka duka likawa kimya.

Juu, Sylvanus alimpokea kwa furaha na kumwambia kwamba kipindi kimependwa kuliko vyote. Esnah hakukaa. Alimuuliza yule aliyepiga magoti ni nani. Sylvanus akaanza kueleza kwamba siku hizi kompyuta inaweza kuuchukua uso wa mtu na sauti yake, ikajifunza, ikaendelea yenyewe.

"Huyo si wewe, mama. Ni kompyuta tu."

"Basi iambie kompyuta ipande gari iende Itumbe, ikawaeleze watu hivyo."

Sylvanus alicheka kidogo, akasema mbona ni kama hadithi yenyewe, Bosibori na wenzake.

"Bosibori alikigusa kile kijisanduku kwa mkono wake," Esnah alisema. "Mimi nani aliniuliza?"

Sylvanus alisema kipindi kimeshatoka, kiko kwenye simu za watu, hakuna wa kukirudisha. Esnah alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. Uso ni wake na sauti ni yake, sawa, lakini kompyuta haina magoti. Je, yale yaliyogusa udongo yalikuwa ya nani? Sylvanus akatazama dirishani, na Esnah akajua.

Drusilla alikuwa jirani yake na rafiki yake tangu waolewe. Umbo lao lilikuwa moja, na katika kurekodi ndiye aliyevalishwa gauni na kitambaa kama cha Esnah, akasimamishwa kwa mgongo awe mmoja wa wale Bosibori wengine. Jumapili hakuja kutazama. Alituma salamu kwamba anaumwa kichwa. Esnah alimkuta nyuma ya nyumba anakata nyasi za ng'ombe, akamsimamia hapo hapo bila kumjulia hali.

"Ulijua nimekataa," alimwambia. "Ulikuwepo nikikataa. Na habari za Ogoti unazijua kuliko wote."

Drusilla aliliweka panga chini. Alisema Sylvanus alimpa ahadi kwamba safari hii yeye ataonekana. Kwamba huyo aliyepiga magoti angekuwa na uso wa Drusilla, mmoja wa wale wa bandia aliyeshindwa na aibu. Alirudia mara nyingi mpaka magoti yakachubuka. Aliona siku ya kwanza ya kuonekana imefika.

"Mimi ndiye niliyelia, Mama Jasper. Nililia kweli," alisema. "Halafu uso wangu wakautupa."

Esnah alimsikia, na hasira yake haikupungua, iligawanyika tu. Aliondoka bila kumpa mkono.

Siku chache baadaye Sylvanus alipiga simu. Mashabiki wa Nyamira walikuwa wanataka kumwona Bosibori ana kwa ana, na kulikuwa na mkutano umeandaliwa katika ukumbi wa shule moja kule Manga. Kompyuta haikuweza kwenda kusalimia watu. Esnah alikubali mara moja, kisha akaenda kwa Drusilla na kumwambia avae lile gauni.

Ukumbi ulijaa, na Ogoti naye alikuwepo, mbele kabisa, amekuja na wazee wa Itumbe kumcheka shemeji yake. Esnah alipewa maikrofoni, akasema kwamba yule mama waliyemwona amepiga magoti si yeye, kwamba alikataa, na kwamba uso wake umeibwa ukavalishwa mwenzake. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo unaendelea, Bosibori wa kweli amekuja kudai nafasi yake. Alivyozidi kusema ndivyo walivyozidi kucheka, na Sylvanus kando ya jukwaa akawa anacheka nao, anatikisa kichwa kama mtu anayejua siri.

Esnah aliiweka maikrofoni chini, akamwita Ogoti kwa jina.

"Wewe unanijua," alimwambia kwa Ekegusii, lugha ya kwao, kwa ile sauti ya kanisani. "Waambie hawa. Niliwahi kukupigia magoti?"

Kicheko kilikatika. Ogoti alitazama huku na huku. Ukumbi mzima ulikuwa umemgeukia, na baadhi ya wazee waliokaa naye walikuwepo siku ile ya ukoo.

"Hapana," alisema hatimaye.

"Sema wakusikie."

"Hakupiga. Alikataa."

Ndipo Drusilla akapanda jukwaani na lile gauni, akalipandisha kidogo, akawaonyesha magoti yake yenye makovu mapya. Akasema jina lake, na jina la babake, na kwamba kilio kile kilikuwa chake. Hakuna aliyepiga makofi. Sylvanus aliondoka kwa mlango wa nyuma kabla watu hawajasimama.

Kituo cha televisheni kilikiondoa kipindi hicho baada ya wiki ile, bila kuomba radhi. Sylvanus alihamia Nairobi na kompyuta yake. Drusilla na Esnah wanachuma chai mashamba yakipakana kama zamani, wanasalimiana, wanasaidiana kubeba, lakini Esnah hajaingia nyumbani kwake mpaka leo, na hasemi ataingia lini.

Simu, hata hivyo, hazisahau. Juzi sokoni Marani muuza ndizi mmoja alimwambia mwenzake, bila kushusha sauti, kwamba huyu ndiye yule aliyempigia mumewe magoti. Esnah alikuwa anakimbilia gari. Alilipungia mkono liende, akarudi mpaka kwenye zile ndizi, akavuta kiti akaketi.

"Niambie ulichokiona," alisema, "halafu nami nikuambie kilichotokea."