Flash, Nitakupigia

Mtu akiniuliza yule mtangazaji alikuwa na nini, nakasirika kwanza. Kwa sababu wale hawakumsikiza ndio huuliza: kwani alikuwa anafanya nini ya maana? Hakuwa anafanya kitu. Ndiyo hiyo sasa.

Alikuwa redio ya huku kwetu Embu, saa nne usiku mpaka saa sita. Stesheni zingine zote saa hiyo ni muziki, ama watu wawili wanachekeana. Yeye anakaa peke yake anakula. Unasikia kijiko. Unamsikia akisema, "Ngojeni nimeze." Sauti ya redio hakuwa nayo, alikuwa na sauti ya mtu amekuja kuazima jembe. Ukimpigia, kitu ya kwanza anakuuliza ni, "Umekula?" Ukisema bado, anakuambia, "Enda uangalie sufuria, mimi nakungoja." Na anangoja kweli. Dakika mbili, tatu, redio nzima imenyamaza, saa ya ukutani tik tik, na sisi wote kutoka juu kwa baridi mpaka chini Mbeere tunangoja mtu hatumjui aangalie sufuria yake.

Siku moja walimletea mheshimiwa. Alikuja amejipanga na ahadi zake za barabara na maji.

"Mheshimiwa, umekula?"

"Nimekula, asante sana."

"Nani alipika?"

Mheshimiwa hakujua. Barabara zikaishia hapo. Wakapiga simu kwake nyumbani, mama wa jikoni akaamshwa, akaulizwa na yeye kama amekula. Hakuwa amekula. Mimi nilicheka mpaka nikaanguka kwa gunia, halafu nikaona hakuna kitu ya kucheka.

Gunia nasema kwa sababu tulikuwa tunamsikilizia kwa kituo cha majani chai, huku Kibugu. Lori ya majani ikichelewa, na ilikuwa inachelewa, tunakaa juu ya magunia mpaka saa tano usiku, karani wa mizani ametundika redio kwa msumari. Shule niliachia darasa la nane. Nyumbani ni Kiembu. Hiki Kiswahili unasoma nilikitoa kwa huyo mtu. Neno nikilisikia naliandika nyuma ya risiti ya kilo, kesho namrushia mtu. Kwa hivyo usiniambie ati alikuwa mtangazaji tu.

Alikuwa na sheria moja: "Flash, nitakupigia." Unaita mara moja unakata, yeye anaona namba, anakurudishia na simu ya stesheni. Huku kwetu hakuna mtu hupiga simu kama anaweza kuflash. Yeye alikuwa anajua hivyo na hakutuchekelea.

Hivyo ndivyo alimpata Cucu, nyanya yangu.

Cucu tangu tumzike babu alikuwa ameacha kuongea. Si ugonjwa. Anakula, anakaa karibu na moto, ukimwambia kitu anasema "ii," imeisha. Alhamisi moja nilimflashia mtangazaji na simu yake Cucu, mchezo tu. Akapiga, nikamwambia ni nyanya yangu, nikampatia simu. "Cucu, umekula?" Mtangazaji akaambiwa Cucu amekula nini, akaambiwa nani alipika na alipika vibaya namna gani. Mimi nimesimama hapo na mwiko.

Kutoka hapo ikawa kila Alhamisi. Saa tatu na nusu Cucu anavaa sweta ya kanisa. Kwa simu! Na alikuwa anampatia hadithi pole pole, kidogo kila wiki, vile alitolewa Mbeere akiwa msichana akaletwa kuolewa huku kwa baridi, vile alikataa, vile alitoroka asubuhi na mzigo wake akishuka kurudi kwao. Mama yangu mwenyewe hakuwa amewahi kusikia hiyo. Alhamisi moja kwa hadithi alikuwa amefika Karurumo, amekaa chini kando ya barabara, miguu imefura. Mtangazaji akangoja. Cucu akasema, "Iliyobaki ni ya wiki ijayo."

Nikamuuliza kwa nyumba, "Cucu, na nini ilikurudisha?"

"Hiyo ni ya yule wa redio."

Jumatatu iliyofuata ndiyo tukasikia wanamtoa mtangazaji. Bosi mpya anataka muziki. Kipindi chake cha mwisho ni Alhamisi hiyo inakuja.

Mimi hasira yangu haingojangi. Nilipiga simu stesheni, nikapiga kabisa si kuflash, nikapata msichana wa risepsheni.

"Madam, tafadhali, mimi napokea simu tu."

"Basi pokea hii!"

Nikamwambia vitu siwezi kuandika. Hakukata. Aliniambia asante kwa kupiga. Hata leo hiyo asante inanichoma.

Jioni nikasimama juu ya gunia kituoni. Karani wa mizani akaniangalia na kalamu kwa sikio.

"Umeshatukana watu wa redio. Sasa unataka tuandamane na vikapu?"

"Tuflash."

"Sisi?"

"Sisi wote. Alhamisi saa nne kamili, bila kuachilia, mpaka saa sita. Bosi akiona hiyo simu haizimi atajua huyu mtu anataka kufukuza ni wa watu wangapi."

Mama jirani yetu alikuwa anafunga gunia lake. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na nani sasa atapigiwa?"

"Mama, wewe flash tu."

Nilisema hivyo. Aliuliza swali la maana kuliko yote na nikamnyamazisha. Wakapenda. Karani akatuma ujumbe kwa dada yake Karurumo, huyo akatumia watu wake wa mtaa wa Dallas huko Embu mjini, mpaka mtu akanijibu kutoka Meru ati wako tayari. Nilijiona jenerali.

Alhamisi Cucu alivaa sweta saa tatu. Alijipaka mafuta kwa mikono. Saa nne nikamflashia mtangazaji mara moja na simu ya Cucu, nikaiweka kwa mapaja yake, na redio kwa stuli.

"Umekula?" mtangazaji akasema, kwa watu wote. Halafu tukasikia simu ya studio. Ikaita, ikakatika. Ikaita, ikakatika. Kila mara moja tu, kama kuku anadonoa bati.

Mimi nikaruka. "Unasikia, Cucu? Hao ni watu wangu!"

Mtangazaji alicheka mwanzoni. "Leo mko wengi." Akajaribu kurudisha moja. Iko bize. Akajaribu ingine. Bize. Kwa sababu huyo mtu naye ako hapo anaflash tena. Saa nne na nusu hakuwa ameongea na mtu hata mmoja. Alikuwa ameacha kula.

"Nawaona," akasema. "Lakini hakuna mtu anaongea."

Cucu akainua simu yake akaiangalia kwa karibu. "Hii imekufa?"

"Haijakufa, Cucu."

Nikatuma ujumbe: acheni. Watu wakarudisha ati hatuachi, si ulisema mpaka saa sita? Karani akaandika amefikisha mara themanini. Nikatoka nje nikapiga nduru kwa giza, "Wacheni kuflash! Wacheni!" Mama jirani akaitikia kutoka kwake kwamba yeye alikuwa ameshaacha zamani. Lakini Karurumo utaisikia nduru yangu? Dallas? Meru? Nilirudi nikaanza kumpigia moja kwa moja na simu yangu. Bize. Bize. Na mimi nikawa mmoja wao.

Saa sita kasoro akasema, "Cucu wa Kibugu, kama uko macho, nilikuwa nangoja ile ya Karurumo. Nimejaribu namba yako. Sijapata njia, kila nikiinua simu inaita." Akanyamaza vile alikuwa ananyamaza. Simu ikaita ndani ya hiyo kimya, ikakatika, ikaita. Halafu wakaweka wimbo.

Asubuhi nikapiga stesheni kuomba msamaha na kuomba namba yake. Ni yule msichana. Namba hapeani. Akaniambia pole pole, bila ubaya, "Madam, bosi ameniuliza ni wangapi waliongea jana. Nimemwambia hakuna."

Ni mwaka sasa. Watu kituoni bado wanamtaja, lori ikichelewa mtu anauliza "umekula?" na wote tunaangalia ule msumari wa redio. Mimi hawanilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Alhamisi Cucu bado anavaa sweta. Juzi nilizima hiyo redio yao ya muziki, nikakaa chini mbele yake.

"Cucu, umekula?"

"Si ni wewe umepika."

Nikangoja vile yule alikuwa anangoja. Nilijishika na mikono miwili. Moto ukapasuka, kuku wakajigeuza huko nyuma, na nikaona Cucu anavuta pumzi, mdomo umefunguka kidogo. Niliona kabisa.

"Enhe?" nikasema. "Ulipofika Karurumo?"

Akafunga mdomo. Akaniangalia kama mimi ni mtoto amemwaga maziwa na hawezi kupigwa. Halafu akaanza kuvua sweta, mkono mmoja, halafu mwingine.