Njia Moja, Wakwe Wawili

Mwaka ule mume wangu alivunjika mguu, mama yangu akashindwa na magoti, na mimi nikawekwa katikati yao.

Mume wangu alikuwa dereva wa maksai kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Kaptagat. Gari la mahindi lilipinduka kwenye tope likamlalia mguu. Alilazwa Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret, mpaka plasta ikatolewa. Daktari akamwambia atembee kila siku, ila asipande mlima wala asishuke, la sivyo mguu ungepona ukiwa umepinda.

Mama naye alitoka kwetu Maragoli, ambako kwenda kuteka maji ni kushuka kama unaanguka, na kurudi ni kupanda kama nyani. Magoti yalipokataa, kaka yangu akamleta akae kwake. Kaka alikuwa mpishi wa Kaburu yule yule, na nyumba yake haikuwa mbali na yetu. Mama aliuangalia ule uwanda wa ngano na mahindi, akasema, "Nchi hii imelala. Watu wa hapa wanaangalia nini?"

Kitu cha kuangalia kilikuwa msituni. Kaburu alikuwa amechimba mfereji kutoka mtoni, ukapita katikati ya miti hadi kwenye kinu chake cha kusaga mahindi. Kando ya mfereji palikuwa na njia ya watu wa kuzibua majani. Kwa kuwa maji hayapandi mlima, njia nayo haikupanda. Ilizunguka kila kilima kwa adabu. Ungeweza kutembea kutoka kinuni hadi mtoni bila goti kujua kwamba limetoka nyumbani. Palikuwa na mierezi, mbega weusi wenye mikia myeupe, na ndege wa mabawa mekundu waliopiga kelele kama watu waliogombana sokoni. Mama aliipenda siku ya kwanza. Mume wangu naye aliipenda siku ya kwanza. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani. Wakikaribiana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Ni heshima, na watu wenye miguu mizima hawaoni ugumu wake. Hawa wawili, mmoja alikuwa na mkongojo, mwingine na fimbo, na wote hawangeweza kuruka hata jiwe.

Tukapatana kwamba Mama atembee asubuhi nami, mume wangu atembee alasiri. Mvua ikavunja mapatano hayo, kwa maana mvua ya huko shambani huja alasiri. Mume wangu akaomba asubuhi. Nikaenda kumwambia Mama.

"Asubuhi ni yangu," akasema. "Lakini si mimi nitazuia mguu wa mtu kupona. Aje, ila aimbe, nimsikie kabla hajafika."

Mume wangu alijua wimbo mmoja tu wa kanisani, na aliuimba kama anayefukuza maksai. Kwa siku kadhaa mambo yalienda vizuri. Tukimsikia mbali, namkokota Mama hadi mahali palipo na nafasi, anakaa kwenye gogo huku amejifunika shuka kichwani, mume wangu anapita akitazama juu ya miti.

"Mwambie mumeo," Mama akaniambia siku moja, "nyimbo ziko nyingi kitabuni."

Sasa, kulikuwa na kona moja ambapo maji yalianguka kwenye bomba la mbao kwa kishindo, na hapo humsikii mtu mpaka awe karibu nawe. Upande mmoja ulikuwa mfereji, upande mwingine ukingo mrefu uliojaa majani ya kuwasha. Tulizunguka kona hiyo asubuhi moja, na mume wangu akaizunguka kutoka upande wa pili, kinywa wazi, katikati ya ubeti.

Mama aligeuka akatazama tulikotoka, akavuta shuka mpaka kidevuni. Mume wangu naye akageuka. Wakasimama wamepeana migongo kama watu wanaotaka kupimwa urefu.

"Mama," nikasema, "turudi nyuma."

"Nimetoka kinuni kwa magoti haya kwenda kuona mbega. Sirudi. Mdogo ndiye hupisha."

Mume wangu alisikia. Akajaribu kupanda ukingo, majani yakamwasha mikono, mkongojo ukateleza, naye akaketi ndani ya mfereji, mguu mbovu juu ya nyasi, kila kitu kingine ndani ya maji.

Mume wangu hakuwa mtu mwembamba. Alienea ule mfereji kama kizibo. Maji yakakusanyika nyuma yake, yakapanda, yakamwagika njiani, yakafika miguuni mwa Mama.

"Mwambie Mama pole," akasema.

"Mama, anasema pole."

"Nimesikia. Mwambie sijasikia."

Nilijaribu kumvuta peke yangu nikashindwa. Huko chini kinu kilikuwa kimesimama, na punde tukamwona Kaburu juu ya farasi, uso mwekundu.

"Nani nafunga maji yangu?" akauliza. Kisha akaona dereva wake amekaa mferejini, na mwanamke mzee mwenye shuka usoni amesimama kwenye tope. "Huyu mama iko mgonjwa ya macho?"

"Hapana, bwana. Ni mama mkwe wake. Hawaruhusiwi kuonana."

"Siku ngapi?"

"Siku zote, bwana."

Akainama juu ya shingo ya farasi. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama desturi hiyo ni ya kabila letu peke yake.

Kabla hajashuka kwenye farasi, Mama alichoka na maji baridi. Akanyoosha fimbo yake nyuma ya mgongo, macho yamefungwa ndani ya shuka. "Ashike," akasema. Mume wangu akaishika. Mama akavuta mbele kama maksai, mimi nikamshika kiuno nikavuta pia, na mume wangu akatoka kwa sauti ambayo sitaieleza. Maji yaliyokuwa yamezuiwa yakaondoka kwa kasi kuelekea kinuni, na mkongojo wake juu yake.

Jioni hiyo wazee wa kwetu waliokuwa shambani wakakutana kwa kaka. Swali lilikuwa hili: watu wawili wakishika fimbo moja, wamegusana? Mmoja alisema fimbo si mkono. Mwingine akasema hata ng'ombe na jembe hawagusani, lakini shamba linalimwa. Mwishowe wakaamua mume wangu atoe kondoo na blanketi, Mama atoe kuku, wale chakula chumba kimoja, pazia likiwa katikati, na tangu hapo waruhusiwe kusalimiana. Mama alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Blanketi lilikuwa zito.

Kaburu naye hakutaka kinu kisimame tena. Akaagiza njia ipanuliwe, na kila baada ya mwendo mfupi pachimbwe nafasi ya kupishana, na gogo la kukalia. Wazee wengine wakaijua, na wanawake waliokaribia kujifungua, na Jumapili moja tukakuta mama yake Kaburu mwenyewe anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, amekasirikia mbega.

Mguu ulipona. Msimu wa kupanda ulipofika, Mama akarudi Maragoli, na baada ya wiki chache akatuma neno kwamba kilima hakijapungua. Mume wangu akaomba ruhusa, akachukua jembe, akaenda. Alichimba njia ya kuzunguka kilima kutoka mlangoni kwa Mama hadi kisimani, ikishuka polepole, bila mwinuko mkali. Ilikuwa ndefu mara nyingi kuliko ile ya zamani, na majirani walicheka sana. Mama aliwaacha wacheke. Alikuwa akienda na mtungi asubuhi, na kurudi kulikuwa kunamchukua muda mrefu, kwa sababu kila mgonjwa wa goti wa kijiji kile alikuwa njiani, na wote walitaka kusalimiana.