Orodha Aliyonisomea Mjomba

Mjomba wangu aliacha kuitikia shikamoo yangu siku niliyohama nyumbani kwake. Alikuwa barazani, amepindua baiskeli magurudumu juu, anarekebisha mnyororo. Nilipakia godoro, ndoo mbili na begi la nguo kwenye guta, nikarudi kumuaga kwa heshima zote nilizofundishwa. Hakuinua kichwa. Nilisimama pale mpaka mwenye guta akaniambia jua linamchoma, nikaondoka.

Sikuhamia mbali. Nilipanga chumba hukohuko Viwanja Sitini, mjini Ifakara, mitaa mitatu kutoka kwake. Lakini kwake ilikuwa sawa na kumtemea mate, kwa sababu kwa miaka tisa nilikuwa binti wa nyumba ile.

Nimezaliwa Masagati, mbali kupita Mlimba. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Nilipomaliza la saba, mjomba, kaka yake mama, alikuja kunichukua nisome sekondari Ifakara. Alikuwa mtunza ghala kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na mwenye mashine aliishi Morogoro, kwa hiyo pale ghalani yeye ndiye aliyekuwa bosi. Alinisomesha mpaka kidato cha nne, halafu chuo, nikatoka mtaalamu wa maabara. Hilo sijawahi kulikana na silikani leo.

Nilipoanza kazi kwenye kituo cha afya niliendelea kukaa kwake. Kila mwisho wa mwezi nilimpa nusu ya mshahara. Alizihesabu mbele yangu, akazitia mfuko wa shati, kisha akanitajia kinachopungua: bati za jiko, ada ya mdogo wangu fulani, betri ya sola. Asante sikuwahi kuisikia. Mke wake ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Siku moja, tukiwa mezani na wageni kutoka Mahenge, aliniuliza kama kule maabara wanatulipa hela au wanatulipa mikojo, maana yeye haoni kitu. Wageni wakacheka. Mjomba naye akacheka. Nilimaliza ubwabwa wangu na nikaosha vyombo, lakini tangu siku ile nilianza kuficha.

Nilichoficha kilikuwa nusu iliyobaki. Muuguzi mmoja kazini aliniambia wenye mshahara hapa bondeni wanafanya nini: wananunua mpunga wakati wa mavuno, wakulima wakiwa na shida na hela, wanauweka ghalani, wanauuza mwezi wa pili bei ikipanda. Nilichukua akiba yangu, nikakopa kwenye chama cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi, nikaenda kijiji cha Mchombe mwezi wa sita. Nilinunua magunia thelathini kwa wakulima wawili, kila gunia elfu sitini. Nilitaka kiwanja. Nilikuwa nimeshakiona, na jioni nikitoka kazini nilipitia njia ile makusudi nikitazame.

Fuso lilipofika mjini na magunia yangu, nililipeleka mahali pekee nilipopajua, kwenye ghala la mjomba. Hapo siri ikaisha. Aliyatazama magunia yanavyoshushwa, akaniuliza nimepata wapi hela. Nikamwambia. Hakugomba. Alifungua daftari la ghala akaandika magunia thelathini kwa jina lake. Nilipouliza, akasema mali ya wageni inachezewa pale, ya kwake haiguswi. Nilikuwa na kalamu mfukoni, ile ya kuandikia slaidi za damu. Ningeweza kumwambia aandike jina langu. Niliona haya.

Miezi minne baadaye nikahama.

Mwezi wa pili ulipofika, gunia lilikuwa laki moja na kumi. Nilikwenda ghalani mchana, baada ya zamu. Mjomba alikuwa ametoka. Fundi wa mashine, mtu mzima mwenye vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi, aliniambia magunia ya mjomba wangu yamebaki saba tu, kama nimetumwa kukoboa nikoboe hayo. Nikamwambia ni thelathini. Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye mashine yake.

Nilimngoja mjomba nimekaa juu ya mzani. Alipoingia nikamwamkia, akanipita. Nikauliza mengine yako wapi.

"Yameuzwa," akasema.

"Nani kayauza?"

"Mwenye jina kwenye daftari."

Alisema hivyo taratibu, huku anatafuta ufunguo mfukoni. Nadhani angenifokea ningelia tu na kwenda zangu. Ule utulivu ndio ulioniwasha. Nilimwambia ni mwizi. Wapakiaji waliokuwa wakibeba magunia walisimama na magunia yao mgongoni. Mjomba akanisogelea, akaniuliza katika miaka tisa niliyokula kwake kama nilimwona hata siku moja akiniandikia risiti.

"Basi andika," nikamwambia. "Andika yote uliyotoa. Niambie bei yangu nikulipe, tuachane."

Alitoa ufunguo mfukoni. Kisha akasema, "Nitaandika."

Habari zilifika Masagati kabla sijajua nifanye nini. Mama alipanda pikipiki mpaka Mlimba, akapanda treni, akafika chumbani kwangu na vumbi la safari. Alikaa ukingoni mwa kitanda akakataa chai. Aliniamuru niende nikaombe msamaha.

"Kaniibia, mama."

"Hajakuibia. Amechukua." Alivua kilemba akakikung'uta. "Wewe umemuuliza kaka yangu bei. Unajua ulichokifanya?"

Nilimwambia najua vizuri na niko tayari kurudia. Siku tatu alizokaa kwangu tulizungumza mambo ya chumvi na maji tu.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa mjomba. Tulikuwa sita: mjomba na mkewe, mama, mimi, na wazee wawili wa ukoo waliotoka upande wa Ulanga. Mimi niliwekewa kigoda. Nilidhani wazee wataanza na magunia. Badala yake mjomba alitoa karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la shule, akavaa miwani, akaanza kusoma.

Alisoma ada ya kila muhula. Alisoma sare, viatu jozi nne, godoro, chandarua, mafuta ya taa ya kusomea. Alisoma dripu tatu za siku nilizolazwa na malaria kidato cha pili. Nauli za likizo za kwenda Masagati. Nilikuwa nimekaa na hasira yangu nikiwa na hakika ameyatunga, lakini kila alichotaja nilikikumbuka. Hata viatu vilikuwa jozi nne kweli. Mke wake alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza masomo kanisani.

Mwisho kabisa akasoma: "Jeneza la baba yako."

Hilo sikulijua. Miaka yote mama aliniambia jeneza lilichangwa na wanakijiji. Nilimgeukia. Alikuwa anatazama sakafu.

Mjomba hakuishia hapo. Alitoa hesabu ya magunia ishirini na tatu aliyouza, akayakata kwenye deni langu, na akayakata kwa bei ya Mchombe, elfu sitini. Niliposema ameyauza kwa laki na zaidi, mzee mmoja akaniambia nishukuru hata hizo amekata, hakulazimika. Nikasema sishukuru. Mama akaanza kulia kimyakimya, na mimi, badala ya kunyamaza, niliomba zile karatasi, nikazisaini chini kama mtu anayepokea mzigo. Nilimwambia mjomba nitamlipa kila mwezi kwa simu, ili asipate taabu ya kuniona.

Ilinichukua mwaka mzima. Makato ya mkopo yalitoka kwanza kwenye mshahara, halafu kodi ya chumba, halafu mjomba. Kilichobaki kilikuwa dagaa na unga. Magunia saba yaliyosalia niliyauza na hela yote nikampelekea. Kiwanja kilinunuliwa na mtu mwingine, akajenga haraka, na nikabadilisha njia ya kurudia nyumbani.

Nataka kusema ukweli kuhusu mwaka ule, kwamba niliufurahia kwa namna mbaya. Kila nilipotuma hela nilituma na ujumbe. "Hii ya chandarua." "Hii ya viatu vya kidato cha tatu." Nilikuwa nachagua maneno kwa makini, mafupi, yamchome. Muuguzi yule aliyenifundisha biashara ya mpunga aliona moja ya jumbe hizo akaniambia roho yangu inaharibika. Nikamwambia ashughulike na sindano zake. Naye akaacha kukaa na mimi wakati wa chai.

Mjomba hakujibu hata mara moja. Tulipokutana barabarani kila mmoja alitazama upande wake, na mji huu si mkubwa, tulikutana sana.

Jeneza nililiacha la mwisho. Nilituma hela yake siku ya mshahara, nikiwa maabara kati ya slaidi mbili. Niliandika neno moja tu, "Jeneza," nikabonyeza. Sijui nilitegemea nini. Pengine nilitaka asiwe na nguvu ya kuipokea, airudishe, au anipigie. Simu ililia kabla sijaiweka chini. Ulikuwa ujumbe wake wa kwanza kwangu tangu kikao.

"Ya kutolea hujaweka."

Nilikaa kwenye stuli yangu, jicho kwenye darubini, nisione kitu. Kisha nikatuma ada ya kutolea.

Baada ya hapo nilikuwa huru kama nilivyotaka. Hakuna aliyenipigia kuomba ada, hakuna aliyetaja bati. Mpunga wangu sasa unakaa ghala jingine, kwa jina langu, na risiti naisoma neno kwa neno mbele ya karani bila haya yoyote. Mwaka jana nilinunua kiwanja, kidogo kuliko kile, kwenye sehemu inayotuama maji masika. Mama nampelekea hela Masagati kila mwezi. Anapokea, anasema asante kwa sauti ambayo hutumia kwa wageni, anakata simu.

Miezi michache iliyopita binti mkubwa wa mjomba aliolewa. Tulilala kitanda kimoja tangu tukiwa wasichana wadogo, nilimsuka nywele siku ya kipaimara chake. Kazini wote walikuwa wanalalamika kadi za michango zimezidi, kila mtu anadaiwa harusi tatu. Walinionea wivu kwamba mimi sina. Nilisubiri kadi mpaka wiki ya harusi yenyewe. Nilikuwa nimetenga laki mbili, kwenye bahasha.

Jumamosi ile nilikuwa nyuma ya nyumba nafua. Matarumbeta yalianza kusikika upande wa kanisani, yakaja, yakapita barabara yetu, wapigaji wamesimama nyuma ya pikapu. Majirani walitoka kushangilia. Mmoja alinijia mbio akaniuliza kama yule bibi harusi si ndugu yangu, mbona niko na ndoo. Nikamwambia amenifananisha. Nikabadilisha maji, nikafua mashuka.