Picha Zilizotumwa kwa Makosa

Leo nimefungua faili ya zip kwenye simu, na laiti ningeiacha imefungwa.

"Mwalimu, ofisi imetuma kitu kwa grupu, kimekataa kufunguka," alisema Mama Akinyi, jirani yangu mchuma chai.

Nikaifungua.

Zilikuwa picha tu: nyumba za kampuni ya chai tunamoishi, zote zimepigwa kutoka nyuma.

"Ai! Hiyo si gauni yangu ya kanisa?"

Lilikuwa lake. Alilianika asubuhi hii. Hata sasa linachuruzika maji.

Tuliporudi kwenye grupu, ofisi ilikuwa imeufuta ujumbe.

Tangu mashine za kuchuma chai zije, anayepoteza kazi hupoteza na nyumba.

Wenzetu wa mashamba jirani, mmepigwa picha?

Jibuni upesi. Mama Akinyi ameanua nguo mbichi, anazifunga kwenye shuka.