Fahali Aliyekawia Kuamka

Jucilene alikuwa amekwisha kudeki madarasa, kufua mapazia na kupika uji wa mahindi wa shule nzima. Jioni hiyo ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana ilimkuta uani, akikitazama kiunzi cha fahali kilichovishwa mahameli nyeusi na shanga. Anayeingia chini yake na kumchezesha huitwa kiini, na tangu mlinzi wa zamani ahame, kiini ni yeye.

"Goti vipi leo, dada Juci?" aliuliza mwalimu Rosângela.

"Limenuna."

"Libembeleze. Mwaka jana ulichelewa kufufuka mchezoni, yule mtoto Josué akalia mpaka kwao. Alidhani fahali kafa kweli."

"Basi nitafutieni goti la dukani. Au kiini kingine."

"Nani mwingine, Juci?"

Nani mwingine. Nyumbani nako ndivyo wanavyosema, kuhusu mama mgonjwa, kuhusu sufuria. Akainama, akaingia.

Uani, matari yalikuwa yameshaoteshwa moto mpaka ngozi zikakaza. Watoto wakaanza mchezo wao. Catirina wa mchezo, tumbo lake la mimba likiwa mto, akalilia ulimi wa fahali. Mumewe Chico, ambaye mwaka huu alikuwa Josué, akaenda kumchinja mnyama. Jucilene akaanguka kama ilivyopasa. Akaitwa mganga wa kumfufua: Maiara, binti wa miaka sita, taji la manyoya likimfunika nyusi.

"Amka!" Maiara akatikisa njuga.

Jucilene akajaribu. Goti likagoma.

"Amka, fahali!" wakaitikia akina mama. Akajaribu tena, jasho likimwingia machoni. Asipoinuka, hakuna sikukuu. Tena akasikia sauti ya Josué ikianza kukatika: "Mimi ndiye niliyemuua!"

Pindo la mahameli likafunuliwa, taji likaingia, kisha uso.

"Shangazi, umekufa?"

"Hapana, mwanangu. Nimechoka."

Maiara akafikiri, kama mganga anavyopaswa kufikiri. Akatoka.

"Hajafa!" akatangaza. "Amechoka! Tangu asubuhi anafanya kazi. Josué, acha kulia, lete maji. Na nyie wa matari, nyamazeni!"

Watu wakacheka. Mganga akawakazia macho, wakanyamaza. Watoto wakaketi kumzunguka fahali, wengine wakamwegemea ubavuni, mmoja akampepea kwa kofia yake ya utepe. Chini ya mahameli kulikuwa na giza na harufu ya gundi, na saruji ilikuwa bado na joto la mchana. Jucilene akalaza shavu juu yake. Hakukumbuka ni lini watu wengi namna hii walinyamaza ili yeye apumzike.

"Tayari?" Maiara alinong'ona.

"Bado kidogo."

"Bado kidogo!" mganga akautangazia umati.

Goti lilipolegea, akajikusanya kwa mikono na miguu. Watoto wakamsukuma matakoni.

"Josué, huo mkia si kamba!" mganga akakemea.

Fahali akasimama amelalia upande mmoja, pembe moja ikitazama chini. Matari yakalipuka. Akacheza kile goti lilichoruhusu, Josué akimning'inia shingoni na kucheka, makamasi hayajakauka.

Baadaye, uani palipobaki shanga na maganda ya karanga, mwalimu Rosângela akamletea Jucilene fagio. Maiara, taji bado kichwani, akasimama katikati yao.

"Fahali hafagii."

Mwalimu akamtazama Jucilene, akalitazama fagio. Akaanza kufagia mwenyewe. Jucilene akaketi, akanyoosha mguu, akavumilia kidogo kumtazama mwingine akifagia.

"Pembeni hapo, mwalimu," akasema, macho yakimfumbika. "Umeacha."