Walitaka Furaha Aiache Kalkulasi

Siku yangu ya kwanza kazini huku ughaibuni, koti langu likiwa bado linadondosha theluji, msimamizi wa huduma za lugha alinikalisha ofisini kwake akaniambia, "Hapa huna maoni. Mzazi akisema, unasema. Mwalimu akisema, unasema. Basi." Nikaitikia. Nilikuwa nimefundisha shule huko Kisii miaka mingi, na kukaa bila maoni lilikuwa jambo geni kwangu, lakini kazi ni kazi.

Ninyi wakalimani wa leo mnafunzwa kwa kompyuta. Sisi tulifunzwa kwa kukaripiwa. Nilifunzwa kusema kwa nafsi ya kwanza, yaani mama akisema "nimechoka," nami nasema "nimechoka," si "anasema amechoka." Nilifunzwa kutoongeza wala kupunguza. Na nilifunzwa kitu ambacho wengi wenu hamkitumii: kusimamisha. Ukiona watu hawaelewani, unaruhusiwa kuinua mkono na kusema, "Mkalimani anaomba kufafanua." Kanuni ipo. Itumieni, jamani!

Nilianzia zahanati moja mtaa wa Phillips, nikapelekwa mahakamani, nikaishia shule za sekondari. Huko ndiko nilikoonja uchungu. Kila majani yakianza kupukutika, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakijiandaa kuomba vyuo, washauri wa wanafunzi waliwaita wazazi wetu wahamiaji, na wimbo ulikuwa uleule: hesabu hii ni ngumu, mtoto aiache, achukue nyepesi, alama zake zipendeze. Watoto wa wengine walitafutiwa mwalimu wa ziada. Wetu walionyeshwa mlango. Haki ya Mungu, mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Furaha alikuwa binti wa familia iliyotoka Bukavu, na alitaka kuwa mhandisi. Alikuwa kwenye darasa la kalkulasi, hesabu ambayo mhandisi hawezi kuikwepa, na alama zake zilikuwa zimeshuka. Baba yake alikuja na sare ya kazi, ametoka kufanya usafi uwanja wa ndege, kofia mkononi.

Mshauri, mama wa sauti laini, alisema, "Chuo kikiona alama ya C kitamkataa. Nashauri a-drop kalkulasi wiki hii, kabla hajatuma maombi. Tumekubaliana?"

Nikatafsiri. Baba Furaha akainamisha kichwa, akakubali kwa Kiswahili cha Bukavu. "Njo vile, mwalimu. Weye njo unajua. Asante sana."

Nilipomaliza kuyatafsiri hayo, mshauri alikuwa ameshageukia kompyuta yake. Nikamtazama Furaha: machozi yanamtiririka. Kwetu sisi, uwe wa Kisii au wa Bukavu, mzazi habishani na mwalimu mbele ya mtoto. Unashukuru, unakwenda nyumbani, mnakaa na wazee wa kanisa, ndipo neno linarudi. Ile asante ilikuwa adabu tu. Mshauri aliichukua kuwa ruhusa, na mtoto alikuwa anapotea hivi hivi, sote tumekaa tunaangalia!

Nikainua mkono. "Mkalimani anaomba kufafanua. Mzazi huyu ametoa heshima, uamuzi bado. Tafadhali muulize anataka nini. Na mtoto naye aulizwe."

Mshauri alikunja uso, lakini akauliza. Baba akamgeukia binti yake. "Furaha, weye unataka nini?"

Furaha akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote, nami nikamtafsiria baba maneno ya mtoto wake mwenyewe: "Sitaki kuacha. Nikiacha hesabu hii, uhandisi nao nimeuacha. Naogopa tu kukuaibisha nikifeli, Papa."

Yule baba akainua uso. "Hapana, mwalimu. Asiache. Mumutafutie mutu wa kumusaidia."

Kesho yake naibu mkuu wa shule aliniita. "Umevuka mpaka," akasema.

"Nimetumia kanuni yenu."

"Unajua ninachomaanisha."

Nilijua sana! Alimaanisha kanuni ile iliwekwa ili ipendeze ukutani. Ilipita miezi mingi bila shule hiyo kuniita tena, na sikwenda kumwomba mtu msamaha, ng'o.

Furaha alibaki darasani, wakamtafutia mwalimu wa ziada, akapata hiyo hiyo C. Tusidanganyane. Chuo alichokitamani kilimkataa. Kingine kikampokea, na somo la kwanza walilowapa wahandisi wote ni kalkulasi. Sasa yuko mwaka wa tatu.

Mimi nimestaafu, naishi na mwanangu mjini Coon Rapids, na watu wananiambia nipoe, eti uzee ni kupumzika. Nipoe vipi? Msimu huu wa maombi mdogo wake Furaha naye ameitwa. Shule ileile, mshauri yuleyule, maneno yaleyale. Hawakujifunza kitu! Baba yao aliponipigia simu kunieleza, nilikuwa tayari natafuta funguo za gari.

"Hapana, mama, pumzika," akasema. "Utuombee tu. Nitaenda mwenyewe."

Kiingereza chake ni cha kazini: ndoo, sakafu, choo kimeziba. Siku nzima sikutulia. Jioni nikampigia, nikamuuliza aliwaambia nini.

"Nilisema no," akanijibu. "Wakauliza tena, nikasema no. Kisha nikaikalia kiti yao mpaka wakamuleta mwalimu wa hesabu."